Umekwama Katika The Dig: Kosa ni la Kompyuta au ni Fumbo?

Mtu anayecheza The Dig, mchezo wa kompyuta wa kubofya, kwa mara ya kwanza hukwama kwa namna mbili ambazo kwa macho hazina tofauti. Namna ya kwanza ni kosa la kompyuta au simu: faili limekosekana, sauti imekatika, au mguso wa kidole umeeleweka vibaya. Namna ya pili ni mchezo wenyewe kumkatalia jambo kwa makusudi, kwa sababu kuna sharti ambalo hajalitimiza. Katika michezo mingi ya kubofya mchezaji huitambua tofauti hiyo mapema, kwa kuwa mhusika hufa na kurudishwa nyuma, na anayecheza akajua kwamba mchezo uko hai na kwamba amekosea yeye. Hapa mhusika mkuu hafi, muziki huenda chinichini, na mandhari ya sayari iliyohamwa hukaa kimya muda mrefu bila kitu kusogea. Nimewaona watu wakifuta mchezo na kuupakia upya mara tatu kwa ajili ya mlango uliokuwa ukingoja tu msimbo sahihi, na nimewaona wengine wakihangaika siku mbili na fumbo ambalo kwa kweli lilikuwa folda ya video iliyosahauliwa wakati wa kunakili.

Kwa asiyeufahamu, The Dig ulitolewa na LucasArts mwaka 1995, baada ya miaka kadhaa ya kazi iliyopita mikononi mwa viongozi mbalimbali wa mradi. Wazo la awali lilikuwa la Steven Spielberg, mazungumzo yaliandikwa na mwandishi wa riwaya Orson Scott Card, na muziki ni wa Michael Land. Asteroidi iitwayo Attila inaelekea duniani, na kikosi cha watu watano kinatumwa kuibadilishia njia kwa vilipuzi vya nyuklia. Kamanda Boston Low, mwandishi wa habari Maggie Robbins na mwanasayansi Ludger Brink wanaingia ndani ya asteroidi hiyo, nayo inawabeba hadi sayari nyingine, Cocytus, ambako wenyeji wametoweka lakini mitambo yao bado ipo. Kampuni iliyosifika kwa michezo ya kuchekesha iliamua mara hii kutengeneza kitu kizito, na uzito huo ndio unaowachanganya wachezaji, kwa kuwa ukimya wa makusudi hufanana sana na ukimya wa hitilafu.

Kabla ya kutafuta mchawi, fanya jaribio moja jepesi. Bofya mahali patupu, mbali na Low alipo. Akitembea kuelekea hapo, injini ya mchezo ni nzima na karibu kila mara kilichokukwamisha ni fumbo. Asipotembea, na kishale nacho hakisogei, bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja ikiwa unatumia ScummVM, programu ya kuendeshea mchezo huu nitakayoieleza hapa chini. Menyu ikifunguka, programu haijafa, na huenda uko katikati ya tukio ambalo mchezaji hana mamlaka nalo. Menyu isipofunguka, hapo una haki ya kuishuku kompyuta.

Mchezo hautambuliwi au hauanzi

Watu wengi leo huuchezea mchezo huu ndani ya ScummVM, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2001 ili kuendesha michezo ya zamani ya aina hii kwenye vifaa vya kisasa. ScummVM haina mchezo ndani yake. Inasoma tu faili za mchezo ulioununua, iwe ni kutoka kwenye CD ya zamani au kwenye maduka ya mtandaoni. Ikikuambia kwamba haikupata mchezo wowote katika folda uliyoichagua, sababu ya kawaida ni kwamba umechagua folda iliyo ngazi moja juu au chini ya ile inayotakiwa. Folda sahihi ni ile ambayo ndani yake unaliona faili DIG.LA0 pamoja na DIG.LA1. La kwanza ni kama faharasa ya kitabu na la pili ndilo lenye vyumba, wahusika na maagizo ya mchezo, kwa hiyo moja bila jingine halifai kitu.

Kwenye simu za Android za miaka ya karibuni kuna sababu nyingine. Mfumo wa simu hauruhusu programu kuchungulia folda yoyote bila idhini, hivyo folda inaweza kuonekana tupu wakati wewe una hakika kwamba umeijaza. Dawa yake ni kuongeza folda hiyo kutoka ndani ya ScummVM yenyewe na kuikubalia ruhusa simu inapouliza. Kuhamisha faili kutoka folda moja hadi nyingine bila kutoa ruhusa hakutasaidia.

Ukishindwa kabisa kujua kama kosa liko kwa ScummVM au kwa faili zako, chukua Beneath a Steel Sky, mchezo mwingine wa kubofya wa bunilizi ya sayansi uliotoka mwaka 1994 na ambao wenyewe waliuachia uwe wa bure mwaka 2003. Ukiufungua na ukaenda vizuri, ScummVM yako ni nzima na unapaswa kurudi kuzikagua faili za The Dig. Mimi hufanya hivi kabla ya kitu kingine chochote ninapomsaidia mtu kwa simu, kwa sababu huondoa nusu ya mashaka kwa dakika chache.

Unacheza, lakini kuna kitu kinakosekana

Chukulia kwamba mchezo umeanza, lakini sinema za kati hazionekani, au programu inajifunga ghafla kila inapofika sehemu ileile. Angalia kama una folda iitwayo VIDEO yenye faili zinazoishia na .SAN. Watu hunakili faili zilizo juu na kuiacha folda hiyo nyuma, ama kwa haraka, ama kwa sababu simu haikuwa na nafasi ya kutosha. Kosa hili ndilo linalofanana zaidi na fumbo, kwa sababu sinema hizo ndizo zinazokueleza kilichotokea baada ya kitendo chako, na ukizikosa unaachwa mahali papya bila kujua umefikaje wala unatafuta nini.

Wahusika wakifungua midomo bila sauti, mtuhumiwa ni DIGVOICE.BUN, na muziki usiposikika kabisa, ni DIGMUSIC.BUN. Usiridhike kwamba faili lipo. Linganisha ukubwa wake na wa nakala ya asili, hadi baiti ya mwisho. Faili lililokatika njiani wakati wa kunakili kwa kadi au kwa kebo mbovu huonekana kwa jina lake kamili, na mchezo huendelea vizuri mpaka ufike kwenye sauti iliyomo katika ile sehemu iliyokatika. Lakini tafadhali usihesabu kila ukimya kuwa ugonjwa. Muziki wa mchezo huu umetungwa ili usikike kama upepo wa mahali pasipo mtu, nao hupungua sana katika baadhi ya maeneo. Rudi kwenye chumba ambacho ulikuwa umeusikia. Ukisikika huko, faili lako halina shida.

Sauti inayokwaruza ni jambo la wale wanaotumia DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya zamani ya DOS, zaidi kuliko ScummVM. Mara nyingi kasi ya kichakataji cha kuigiza iko chini mno, au mchezo umesanidiwa kwa kadi ya sauti tofauti na ile inayoigizwa. Chagua Sound Blaster, anwani 220, IRQ 7 na DMA 1, ambayo ndiyo mipangilio ya kawaida ya DOSBox. Kama huna sababu maalumu ya kubaki huko, hamia ScummVM.

Kuhusu maandishi ya mazungumzo nina neno la ziada kwa wasomaji wenzangu. Mchezo huu unazungumzwa kwa Kiingereza, na Brink anazungumza kwa lafudhi ya Kijerumani. Wengi wetu Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu, na katika mchezo ambao neno moja la mhusika linaweza kuwa ndilo ufunguo wa mlango, kucheza bila maandishi chini ya skrini ni kujinyima. Katika mipangilio ya sauti ya ScummVM kuna nafasi ya kuchagua sauti pekee, maandishi pekee, au vyote viwili. Chagua vyote viwili. Kitufe cha nukta huruka sentensi moja ya mazungumzo, na Esc huruka tukio zima, kwa hiyo mtoto akibonyeza Esc ukiwa umeinuka kwenda kuchukua chai, umepoteza maelezo ambayo huenda usiyapate tena bila kurudi kwenye hifadhi yako, yaani mahali ulipouhifadhi mchezo mara ya mwisho.

Kidole hakitii

Kwenye simu, tatizo kubwa ni kwamba mchezo ulitengenezwa kwa kipanya chenye vitufe viwili na kwa picha ya nukta 320 kwa 200. Kitu cha kuokota kinaweza kuwa na upana wa nukta chache tu, na ncha ya kidole inakifunika chote. Kwa hiyo unagonga, Low anatembea hadi hapo na kusimama, nawe unaamini kwamba kile kitu ni cha mapambo. Badilisha namna ya mguso iwe ya kusukuma kishale, kama vile skrini ni padi ya kompyuta mpakato, badala ya kishale kuruka hadi kidole kilipo. Utakwenda polepole zaidi, lakini utamwona kishale akibadilika anapopita juu ya kitu kinachoweza kushikwa, na hiyo ndiyo taarifa unayoihitaji. Kitufe cha kulia cha kipanya hupatikana kwa kushikilia kidole kimoja na kugusa kwa cha pili.

Picha ikionekana imebanwa na nyuso za watu zimepanuka, washa marekebisho ya uwiano wa picha. Mchezo ukienda kwa mikwamo kwenye kompyuta ya zamani, zima vichujio vya kulainisha picha. Kompyuta dhaifu inaumudu mchezo wenyewe bila taabu. Kinachoilemea ni kazi ya kuipamba kila nukta.

Hifadhi haionekani

Toleo lililoanza kuuzwa kwenye duka la mtandaoni la Steam mwaka 2009 lina programu yake ya Windows, na hifadhi zilizowekwa na programu hiyo hazisomwi na ScummVM. Ukihama, utaanza upya. Ni hasara, lakini si hitilafu, na hakuna njia ya mkato ninayoweza kuipendekeza kwa moyo mweupe. Ndani ya ScummVM, weka hifadhi nyingi zenye majina yanayoeleweka, badala ya kuandika juu ya moja kila siku.

Kompyuta ni nzima, lakini mchezo hausongi

Kuanzia hapa nitagusa mafumbo yenyewe. Anayetaka kuyafumbua bila msaada asome hadi jina la fumbo lililomkwamisha, kisha aishie hapo.

Kwenye asteroidi, mwanzoni kabisa, wachezaji huweka kilipuzi kimoja, wakasubiri, wakaona hakuna kinachotokea. Vilipuzi ni viwili, kila kimoja kina mahali pake, na vyote lazima viwekwe na kuandaliwa kabla ya kurudi kuzungumza na wenzako. Wakati mwingine kinachokosekana ni mazungumzo tu. Low ana kifaa cha mkononi cha mawasiliano, ambacho kina hata mchezo mdogo wa kutua kwenye asteroidi, na wengi hukiona kama kichezeo. Huko mbele, kwenye sayari, kifaa hichohicho ndicho kinachokuwezesha kuwaita Robbins na Brink mkiwa mmetawanyika. Ukigonga mwamba, waite. Wasipokuwa na jipya la kusema, angalau umejua kwamba jambo unalolitafuta haliko kwao.

Baada ya kufika Cocytus, dalili ya kawaida ni kuzunguka ukiwa huna la kufanya. Kuna mwanga unaojitokeza na kutoweka kama mzimu. Si kasoro ya picha, ingawa mtu mmoja aliwahi kuniletea picha ya skrini akinionyesha kwamba kadi yake ya michoro imeharibika. Ufuate, na panapokuwa na ardhi ya kuchimbika, tumia koleo.

Kisha milango. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kompyuta na fumbo hushikana mikono. Sehemu kadhaa za mchezo zinafunguliwa kwa kuingiza mfuatano wa maumbo yenye rangi, na mfuatano huo umechorwa kwenye vijiti unavyovikuta njiani. Nilipocheza mara ya kwanza hadi mwisho, nilikaa mbele ya mlango mmoja zaidi ya saa nzima. Niliingiza msimbo, mlango haukufunguka, nikauingiza tena, polepole, nikihesabu kwa sauti, haukufunguka. Ilikuwa yapata saa tano za usiku, na kompyuta yangu ilikuwa na mpangilio unaowashwa wenyewe jioni ili kupunguza mwanga wa buluu usiumize macho. Mpangilio huo huifanya skrini iwe na umanjano, na umanjano ule ulikuwa umezifanya zambarau na buluu zifanane kabisa. Nilipouzima, kijiti kilekile kilionyesha rangi ambayo nilikuwa sijaiona. Mlango ulifunguka kwa jaribio la kwanza.

Kwa hiyo msimbo ukikataliwa, kagua kwanza skrini yako: zima mwanga wa usiku, pandisha mwangaza, na zima kichujio chochote cha rangi. Asiyetofautisha baadhi ya rangi kwa asili ya macho yake afuate umbo, na akiona maumbo nayo yanafanana, amwombe mtu amsomee kijiti. Kisha hakikisha kwamba kijiti ulichokishika ni cha mlango huo, maana viko zaidi ya kimoja na kila kimoja kina kazi yake. Hatimaye andika mfuatano kwenye karatasi. Kuukariri kichwani huku ukifunga mkoba wa vitu na kurudi kwenye paneli ndiko kunakozaa makosa mengi.

Fumbo linalolalamikiwa kuliko yote ni la kobe. Ufukweni kuna mifupa ya kiumbe kinachofanana na kobe, na unatakiwa kuipanga upya, kisha kukirudishia uhai kwa fuwele. Dalili huwa moja: umepanga mifupa ikaonekana inaleta maana, umetumia fuwele, na kiumbe hakikufanikiwa kuishi. Watu hudhani fuwele haifanyi kazi. Inafanya kazi, ila mifupa imekosewa. Jirani na hapo kuna kisukuku cha kiumbe cha aina hiyohiyo kilichobaki kwenye jiwe kikiwa kamili, na hicho ndicho mchoro wako. Kitazame kwa karibu, na ikiwezekana piga picha ya skrini na uiweke kando. Panga mfupa mmoja baada ya mwingine ukilinganisha, ukianza na ile ambayo haiwezi kukaa mahali pengine popote, na ukiacha ile inayofanana hadi mwisho. Kosa la kawaida ni kupanga kobe tunayemjua sisi. Huyu si wa kwetu, na viungo vyake havifuati mazoea yetu.

Ukifaulu, utaona jambo litakalokufanya uamini tena kwamba mchezo umeharibika: kiumbe kinaingia majini na kunyakuliwa na dubwana la baharini. Ukirudia, kinanyakuliwa tena. Si mzunguko wa hitilafu. Mchezo umekuonyesha kwamba dubwana lile litameza chochote utakacholipelekea kwa njia hiyo, na uamuzi wa nini kiwe ndani ya mifupa ni wako. Anayetaka jibu lenyewe: weka mkebe wenye kilipuzi ndani ya mifupa kabla ya kutumia fuwele.

Katika jengo lenye kielelezo cha sayari na miezi yake, wachezaji husogeza miezi bila lengo na kulalamika kwamba mtambo hauitikii. Lengo ni kupatwa, yaani kuzipanga katika mstari mmoja. Maonyesho ya nuru katika jengo la makumbusho yapo kukufundisha mambo ya aina hii, na anayeyapita mbio hujikuta akibahatisha baadaye.

Mchezo uliisha tofauti na wa mwenzangu

Hili nalo huletwa kama tatizo, hasa na ndugu wawili wanaocheza kwenye vifaa viwili na kulinganisha. Faili zao ni zilezile. Maggie anamwomba Low amwahidi kwamba hatamfufua kwa fuwele kamwe, na baadaye mchezo unamwachia mchezaji mwenyewe aamue kama ataiheshimu ahadi hiyo. Tukio linalofuata hutofautiana kulingana na uamuzi huo. Weka hifadhi mpya, yenye jina lake, mara tu anapotoa ombi hilo, na usiandike juu yake hadi uwe umeziona njia zote mbili.